Wasiwasi Usiokoma na Jirani Zake



Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumza juu ya magonjwa ya mwili: malaria, kuhara kwa watoto wachanga, sukari, presha. Leo tutazame ugonjwa ambao hauonekani katika damu wala katika picha ya mapafu, na hata hivyo wakaa katika nyumba nyingi, mjini na kijijini. Mwenye nao huenda kazini, hupika, hulea watoto, husalimu watu njiani. Jirani husema juu yake: «Yule ana mawazo mengi.» Basi, neno huishia hapo. Hakuna ajuaye kwamba mtu huyo hajapata usingizi mwema tangu miezi mingi.

Waganga wa hospitali huuita ugonjwa wa wasiwasi ulioenea. Yafaa tujue unavyoanza, unavyokua, na hasa jinsi usivyopenda kukaa peke yake. Maana anayeuacha ukae hukaribisha na wenzake.

HOFU NI MLINZI

Kwanza tushike neno hili: hofu yenyewe si ugonjwa. Hofu ni mlinzi wa nyumba. Mtu akikutana na nyoka njiani, mwili wake hufanya kazi kabla akili haijamaliza kufikiri. Ndani ya ubongo kuna sehemu ndogo kama punje ya karanga, nayo huitwa amigdala. Hiyo hutoa habari ya hatari. Mara tezi zilizo juu ya mafigo humwaga adrenalini katika damu. Moyo hupiga mbio, pumzi huharakishwa, damu hukimbilia mikono na miguu, ili mtu awe tayari kukimbia au kupigana. Nyoka akiisha kwenda zake, mwili hutulia.

Kadhalika wasiwasi wa kadiri wafaa. Mkulima asiyewaza juu ya mvua hapandi kwa wakati. Mzazi asiyewaza juu ya pesa ya masomo haweki akiba. Mlima Nyiragongo ulipolipuka Januari 2002, na tena Mei 2021, watu wa Goma walioogopa wakakimbia hawakuwa wagonjwa. Walikuwa watu wenye akili timamu. Vile vile mtu alalaye na viatu miguuni kwa sababu milio ya bunduki yasikika karibu, huyo hatumwiti mgonjwa. Hatari iko mlangoni, na hofu yake yalingana nayo.

Ugonjwa waanza pale mlinzi asipojua tena kupumzika. Nyoka amekwenda, lakini mwili hausadiki. Amani imerudi mtaani, mshahara umelipwa, mtoto amepona kikohozi, na bado moyo wangojea habari mbaya.

Basi, tutautambuaje? Kwa mambo matatu.

La kwanza, wasiwasi huu haushiki jambo moja tu. Leo ni pesa ya masomo, kesho ni homa ya mtoto, kesho kutwa ni neno alilosema mkubwa wa kazi. Jambo moja likiisha, lingine huchukua mahali pake. Ndiyo sababu huitwa ulioenea.

La pili, hauamriki. Mtu ajiambia: «Sasa niache kuwaza, nilale.» Lakini mawazo hayamtii.

La tatu, hudumu. Kitabu cha waganga wa Marekani chasema kwamba ni lazima uwepo siku nyingi kuliko siku zisizo nao, kwa muda wa miezi 6 au zaidi. Juma moja la mashaka kabla ya mtihani au kabla ya kujifungua si ugonjwa huu.

Pamoja na hayo mwili nao husema. Mtu hawezi kutulia, huchoka upesi, akili yake haishiki neno, hukasirika kwa jambo dogo, misuli ya shingo na mabega hukaza, usingizi hukatika. Kwa mtu mzima, kitabu hicho chataka dalili tatu kati ya hizo sita. Tena wagonjwa wengi hawaendi kwa mganga kusema «nina wasiwasi». Huenda kusema: «Kichwa chauma, tumbo lavurugika, mgongo wachoma.» Wengine hupewa dawa ya malaria mara kwa mara, ijapokuwa kijidudu cha malaria hakikuonekana katika damu yao.

JINSI UGONJWA ULIVYOPATA JINA

Ugonjwa wenyewe ni wa zamani, lakini jina lake ni la juzi. Mwaka 1895 Sigmund Freud, mganga wa Vienna, alitenga ugonjwa wa hofu na ule uliokuwa ukiitwa uchovu wa mishipa. Kwa miaka mingi baadaye hofu za namna mbalimbali ziliwekwa katika kikapu kimoja. Mwaka 1980 waganga wa akili wa Marekani waligawanya kikapu hicho. Upande mmoja wakaweka hofu inayomshambulia mtu kwa ghafula kama radi. Upande mwingine, wasiwasi unaonyesha taratibu kama manyunyu yasiyokatika. Mwanzoni walisema mwezi 1 watosha kuutambua. Mwaka 1987 wakaona kwamba mwezi 1 ni mfupi, kwa maana watu wengi wenye afya huhangaika muda kama huo wakipatwa na shida. Ndipo wakaandika miezi 6.

Kwa nini kusimulia hayo? Ili tujue kwamba mipaka kati ya magonjwa haya imechorwa na watu, ili waganga wasikilizane. Mgonjwa mwenyewe haoni mpaka. Yeye aona nafsi moja, usiku mmoja, kifua kimoja kinachobana. Tusishangae, basi, tukikuta magonjwa mawili au matatu ndani ya mtu mmoja.

MBEGU, UDONGO NA MVUA

Wengi huuliza: «Ugonjwa huu watoka wapi? Je, ni damu ya ukoo? Je, ni malezi? Je, ni shida za dunia?» Jibu ni kwamba hautoki mahali pamoja. Mmea wataka mbegu, wataka udongo, wataka na mvua.

Mbegu ni ile hali tunayozaliwa nayo. Wako watoto ambao tangu uchanga hushtuka upesi na hukawia kutulia. Wataalamu wamechunguza mapacha, wale wanaofanana kabisa na wale wasiofanana, ili kupima nguvu ya urithi. Wakaona kwamba katika ugonjwa huu urithi una sehemu ipatayo theluthi moja hivi. Maana yake nini? Kwamba hakuna anayezaliwa amekwisha kuhukumiwa. Sehemu kubwa yatoka katika maisha.

Udongo ni maisha hayo, hasa ya utoto. Mtoto aliyepotewa na wazazi mapema, aliyepigwa bila kujua kosa lake, aliyekulia katika nyumba ya ugomvi, au aliyekimbia vita mgongoni mwa mama yake, amejifunza kwamba dunia si mahali pa kuaminika. Hata wazazi wema waweza kulisha udongo huo bila kujua. Mzazi ambaye kila siku asema «usiende, utaanguka, usicheze na wale, watakudhuru, usile kwa jirani, watakuloga», amfundisha mtoto kwamba kila mlango una chui nyuma yake. Wahenga walisema: aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Lakini yuko na mtoto asiyeumwa kamwe, anayeshtukia unyasi kwa kuwa aliona mama yake akishtuka.

Tena wanawake huupata ugonjwa huu karibu mara mbili kuliko wanaume. Mara nyingi hauji kwa siku moja: huingia polepole, na wengi hawautambui mpaka wanapokaribia miaka 30 au kupita. Ukiwauliza ulianza lini, hujibu: «Mimi nimekuwa hivi sikuzote.»

Mvua ni desturi za kila siku zinazounywesha mmea. Hapa pana jambo la kushangaza. Mtu mwenye wasiwasi hudhani kwamba kuwaza kwake ni kazi yenye faida: «Nikiwaza mabaya yote mapema, hayatanikuta sijajiandaa.» Profesa Thomas Borkovec wa chuo kikuu cha jimbo la Pennsylvania, Marekani, alitumia miaka mingi kuchunguza kuwaza huku. Alieleza kwamba mwenye wasiwasi huwaza kwa maneno zaidi kuliko kwa picha, na maneno hayo hupunguza kidogo mshtuko wa mwili. Kwa hiyo kuwaza ni kama kujificha: mtu azunguka jambo analoliogopa, lakini halitazami usoni hata lipoteze ukali. Na jambo aliloliogopa lisipotokea, moyo wadhani kwamba ni kuwaza kulikolizuia. Basi kesho awaza tena.

Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Laval, huko Québec, waliona jambo lingine. Kinachomtesa mtu huyu si hatari yenyewe, bali kutojua. Afadhali kwake habari mbaya iliyo hakika kuliko habari isiyojulikana. Tuchukue mfano. Mama anaye kijana anayesoma mji mwingine. Kijana hakupokea simu saa sita. Mama apiga mara ya pili, ya tatu, ya kumi. Mwishowe kijana ajibu: «Mama, nilikuwa darasani.» Mama atulia, lakini kwa saa moja tu. Kwa kuwa amejifunza kwamba simu ndiyo dawa ya moyo wake, kesho atapiga mara ishirini. Kila faraja ya namna hii ni kama maji juu ya mzizi.

Je, mambo yanayoogopwa hutokea kweli? Mwaka 2020 watafiti wawili wa chuo kile kile cha Pennsylvania, LaFreniere na Newman, waliwaomba wagonjwa 29 waandike wasiwasi wao siku baada ya siku, kisha wangoje waone. Katika kila mambo 100 yaliyoogopwa, 91 hivi hayakutokea. Na wale walioona zaidi kwamba hofu zao zilikuwa za uongo, ndio waliopata nafuu zaidi.

JIRANI ZAKE

Sasa tufike kwenye neno kubwa la leo. Wasiwasi ulioenea hukaa peke yake mara chache tu.

Jirani wa kwanza, aliye karibu kupita wote, ni ugonjwa wa huzuni, ambao wengine huuita sonona. Twaweza kuipambanua hivi: mwenye wasiwasi hutazama mbele, akiogopa litakalokuja, mwenye huzuni hutazama nyuma, akiona kwamba yote yamekwisha kupotea. Wa kwanza asema: «Itakuwaje?» Wa pili asema: «Haidhuru tena.» Lakini mtu mmoja aweza kusema yote mawili katika siku moja.

Katika mji wa Dunedin, New Zealand, wataalamu wamewafuata watoto 1,037 waliozaliwa mwaka 1972 na 1973, tangu utoto hata utu uzima. Habari zilizotolewa mwaka 2007 zilitazama maisha yao mpaka miaka 32. Katika kila watu 100 waliopata kuugua wasiwasi huu, 72 waliugua huzuni pia. Je, upi hutangulia? Wengi walidhani kwamba sikuzote wasiwasi hutangulia na huzuni hufuata. Dunedin ilionyesha kwamba sivyo: mara huanza huu, mara huanza ule, na mara nyingine yote miwili huingia mlangoni pamoja.

Sababu yake nini? Mwaka 1992 Kenneth Kendler na wenzake walichapisha habari za mapacha wanawake, jozi zaidi ya 1,000, wa jimbo la Virginia. Waliona kwamba mbegu ya urithi iletayo wasiwasi na ile iletayo huzuni ni moja. Kinachotofautisha ni mambo yanayompata mtu. Na ni mambo gani hayo? Mwaka 1981 watafiti wawili wa London, Finlay-Jones na Brown, walikuwa wamekwisha kuwauliza wanawake vijana juu ya yaliyowapata kabla ya kuugua. Waliopotewa, kwa mfano kwa kufiwa au kuachwa, waliangukia huzuni zaidi. Waliokabiliwa na hatari, yaani jambo baya ambalo halijafika bado, waliangukia wasiwasi zaidi. Waliopatwa na yote mawili, waliugua yote mawili.

Tutazame jambo hilo kwetu. Mama amefiwa na bwana wake. Siku arobaini hazijaisha, na ndugu za marehemu wamemwambia kwamba nyumba si yake. Amepotewa, na papo hapo hatari yamngojea. Tukimkuta halali, hali, atetemeka, tena alia bila kukoma, tusiseme kwamba amelogwa au kwamba ni mvivu wa kuvumilia. Amepigwa kwa fimbo mbili, naye ana vidonda viwili. Na yule awezaye kuondoa fimbo ya pili, kwa kumwachia nyumba yake, amempa dawa ambayo hospitali haina.

Jirani wa pili ni mshtuko wa hofu. Huja kwa ghafula: moyo wapiga mbio, pumzi yakatika, mikono yafa ganzi, mtu asadiki kwamba anakufa sasa hivi. Baada ya dakika chache hupungua. Wengi hupelekwa hospitali usiku, moyo hupimwa, huonekana mzima. Tangu siku hiyo mtu huogopa mshtuko wenyewe, hata hupanda gari kwa shida au huacha kwenda sokoni.

Jirani wa tatu ni kiwewe, yaani kidonda kinachobaki moyoni baada ya mambo ya kutisha. Mwenye kiwewe huona tena yale aliyoyaona, katika ndoto au mchana kweupe. Katika nchi yetu, ambapo vita viliingia mwaka 1996 na tena 1998, na mashariki havijatulia, ni wengi wenye kiwewe na wasiwasi pamoja.

Jirani wa nne hujifanya rafiki: ni pombe. Baba asiyepata usingizi huona kwamba chupa moja ya kasiksi yamtuliza. Ni kweli, yamtuliza kwa saa chache. Karibu na alfajiri, pombe ikiisha mwilini, wasiwasi hurudi na nguvu kuliko jana. Ndipo huongeza chupa, kisha huhamia lotoko. Baada ya mwaka, jamaa waona mlevi tu. Hakuna akumbukaye kwamba mwanzo ulikuwa mtu asiyeweza kulala.

Vidonge vya usingizi navyo vyafanana na pombe. Diazepamu ilianza kuuzwa mwaka 1963 kwa jina la Valium, na mpaka leo yafaa katika hospitali kwa kazi zake, kwa mfano kukomesha degedege. Lakini anayeinunua kwa rejareja na kuimeza kila usiku hugundua baada ya majuma machache kwamba kidonge kimoja hakitoshi tena. Na aliyeizoea kwa muda mrefu asiiache kwa ghafula: aweza kupatwa na kifafa. Aende kwa mganga, aipunguze kidogo kidogo.

Mwisho, wako na jirani wa uongo, yaani magonjwa ya mwili yanayoiga wasiwasi. Tezi ya shingo ikifanya kazi kupita kiasi, moyo hupiga mbio, mikono hutetemeka na mtu hukonda. Kahawa nyingi nayo hufanya vivyo. Ndiyo sababu mganga mwema hupima mwili kwanza, kabla ya kusema: «Ni mawazo tu.»

WANAVYOPONA

Shirika la Afya la Dunia lilihesabu kwamba mwaka 2019 watu milioni 301 walikuwa na magonjwa ya wasiwasi ya namna zote, na kati yao milioni 58 walikuwa watoto na vijana. Lasema pia kwamba katika kila wagonjwa wanne, ni mmoja tu hivi apataye matibabu. Hiyo ni huzuni kubwa, kwa sababu dawa ya magonjwa haya iko. Na kama magonjwa yana mzizi mmoja, mara nyingi hupona pamoja.

Ushahidi mmoja watoka kwetu Kongo. Mwaka 2013 jarida kubwa la waganga la Marekani lilitoa habari za wanawake 405 wa vijiji vya mashariki mwa nchi yetu, waliotendewa jeuri. Katika vijiji vingine walipewa msaada wa mtu mmoja mmoja, wakazungumza na mshauri kila walipotaka. Katika vijiji vingine walifundishwa kwa utaratibu: kikao 1 cha peke yake na vikao 11 vya kikundi, wakijifunza kuyachunguza mawazo yao, kama vile «kosa ni langu» au «hakuna mahali pa salama», na kuyapima kama ni kweli. Baada ya miezi 6, katika kundi la vikao, wanawake 9 tu katika kila 100 walikuwa bado na dalili za kutosha za huzuni au wasiwasi. Katika kundi lingine walikuwa 42. Kiwewe nacho kilipungua vivyo hivyo. Tuone: hawakuwa watu wa Ulaya, wengi wao hawakusoma, vijiji vyao vilikuwa bado katika hatari, na walioongoza vikao hawakuwa maprofesa. Hata hivyo walipata nafuu ya mambo matatu kwa dawa moja.

Ushahidi wa pili watoka Zimbabwe. Washona wana neno «kufungisisa», maana yake kuwaza kupita kiasi; ni ndugu wa neno letu la mawazo mengi. Mwaka 2006, katika mtaa wa Mbare mjini Harare, mganga wa akili Dixon Chibanda alianza kuwafundisha bibi wazee kuwasikiliza wagonjwa kwenye benchi ya mbao nje ya kituo cha afya. Kazi yao ina hatua tatu: kufungua akili, kuinua, na kutia nguvu. Bibi husikiliza mpaka mwisho. Kisha mgonjwa huorodhesha shida zake, huchagua moja tu, hutafuta njia moja ya kuanza, huenda kuijaribu, hurudi kueleza. Habari za mwaka 2016, juu ya watu 573 wa vituo 24, zilionyesha kwamba baada ya miezi 6 waliobaki na dalili za huzuni walikuwa karibu 14 katika kila 100 kwa wale waliokaa kwenye benchi, na karibu 50 kwa wale waliopewa matunzo ya kawaida. Dalili za wasiwasi nazo zilipungua.

Ziko na dawa za kumeza. Fluoksetini, sertralini na esitalopramu ziliundwa kwa ugonjwa wa huzuni, lakini jamii hii ya dawa hutuliza wasiwasi pia. Nayo ni alama nyingine ya ule mzizi mmoja. Hazizoezi mwili kama diazepamu. Lakini hazifanyi kazi kwa siku moja: zataka majuma 2 hadi 6, na siku za kwanza zaweza kuongeza mahangaiko kidogo. Wengi huziacha juma la kwanza wakisema «si dawa». Anayezipewa asiziache wala kuziongeza bila mganga.

KWA JAMAA ZA MGONJWA

Basi, ninyi mnaokaa naye nyumba moja, mfanye nini?

Msimwambie: «Acha kuwaza.» Kama angeweza, angekwisha kuacha. Mwulizeni: «Ni jambo gani hasa?» Jambo lililotajwa lina ukubwa, lisilotajwa halina mwisho.

Mpeni daftari. Kila jioni aandike jambo moja analoliogopa, na tarehe. Mwisho wa mwezi someni pamoja: yapi yametokea, yapi hayakutokea? Asiyejua kuandika, mtoto wa shule amwandikie.

Msimfariji mara kumi kwa jambo lile lile. Mjibuni mara moja kwa upole, kisha mwalikeni katika kazi: kupepeta mchele, kulima, kutembea. Mwili unaofanya kazi mchana hulala vizuri usiku.

Mzuieni kutafuta dawa chupani, wala msimfungie ndani kwa aibu. Anayetaka kuombewa aombewe, lakini hakuna mwenye haki ya kumwachisha dawa za mganga, kumnyima chakula au kumfunga kamba. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Na akisema kwamba amechoka kuishi, msidhani ni maneno tu. Mwulizeni wazi kama anawaza kujiua; swali hilo halimtii wazo jipya, bali humfungulia mlango wa kusema. Msimwache peke yake, wekeni mbali dawa za mimea na kamba, na mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo.

Kwa wengine, mwanzo ni kituo cha afya kilicho karibu. Mganga akiona yapasa, atawatuma kwenye nyumba za wagonjwa wa akili. Ndugu wa Upendo, watawa waliozoea kazi hii, wana kituo cha SOSAME huko Bukavu, na kile cha Daktari Joseph Guislain huko Lubumbashi. Kwenda huko si kutangaza kwamba mtu ni mwenda wazimu. Ni kama kwenda kwa fundi nyumba ikiwa na ufa mmoja tu.

Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Miezi ya kwanza ya kukosa usingizi ndiyo ufa. Aliye na mtu wa namna hiyo nyumbani, juma hili aketi naye, amwulize, amsikilize mpaka mwisho.